Grote Reber: Mwanaredio wa ridhaa aliyesikiliza nyota kutoka uani kwa mamake

GROTE Reber alipoaga dunia mnamo Desemba 20, 2002 katika kisiwa cha Tasmania, Australia, zilikuwa zimesalia siku mbili tu atimize umri wa miaka 91. Hakuwa profesa wa chuo kikuu chochote wala hakuwahi kutunukiwa Tuzo ya Nobel.

Hata hivyo, madishi makubwa yanayoelekezwa mbinguni siku hizi kusikiliza nyota yana asili yake katika dishi moja la mabati ambalo Reber alilijenga mwaka wa 1937 katika uwanja wa nyumba ya mamake, mjini Wheaton, jimbo la Illinois, Marekani.

Kwa karibu mwongo mzima, yeye ndiye aliyekuwa mtu wa pekee duniani aliyejitolea kuchunguza anga za juu kwa kutumia mawimbi ya redio. Kazi hiyo aliifanya usiku, baada ya kutoka kibaruani, na kuigharimia kwa fedha za mfuko wake mwenyewe. Kilichomwongoza si cheo wala mshahara, bali uraibu aliouanza akiwa kijana: redio ya ridhaa.

MAANA YA REDIO YA RIDHAA

Redio ya ridhaa ni shughuli ya watu wanaowasiliana kwa mitambo yao wenyewe ya redio ili kujifunza, kujaribu vifaa na kujenga urafiki. Kama ilivyo katika ndondi za ridhaa, mshiriki hatarajii malipo. Kanuni za kimataifa humzuia kutumia mitambo hiyo kwa biashara, au kuutangazia umma kama vifanyavyo vituo vya kawaida vya redio.

Kila mwanaredio wa ridhaa hupewa leseni na serikali ya nchi yake, pamoja na alama ya utambulisho yenye herufi na tarakimu, ambayo huitaja kila anapokuwa hewani. Alama za wanaredio wa ridhaa nchini Kenya, kwa mfano, huanza kwa 5Z, na leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano.

Fahari ya mwanaredio wa ridhaa ni umbali. Akiwa na mtambo mdogo alioujenga kwa mkono na waya ulioning'inizwa juu ya mti, hujitahidi kumfikia mwenzake aliye ng'ambo ya bahari. Mawimbi mafupi ya redio yanapopaa hugonga tabaka la hewa lenye chembe za umeme, liitwalo ionosfia, kisha hurudishwa ardhini maelfu ya kilomita kutoka yalikotoka. Ndiyo maana sauti hafifu ya mtu aliye Chicago huweza kusikika Afrika au Asia.

Reber alipata leseni yake akiwa bado kijana mdogo, na alama yake ilikuwa W9GFZ. Katika muda wa miaka michache alikuwa amewasiliana na wenzake katika zaidi ya nchi 60 na katika mabara yote yenye wanaredio. Baadaye alieleza kwamba alipofikia kiwango hicho alihisi hakuna tena umbali uliosalia duniani wa kumshughulisha. Ikambidi atazame mbali zaidi.

MWANA WA MWALIMU

Grote Reber alizaliwa Desemba 22, 1911 na kulelewa Wheaton, mji mdogo ulio magharibi mwa Chicago. Jina Grote lilikuwa la ukoo wa mamake, Harriet, ambaye alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kuolewa.

Miongoni mwa wanafunzi waliopitia mikononi mwa mwalimu huyo alikuwa mvulana aliyeitwa Edwin Hubble. Ndiye Hubble yule ambaye katika miaka ya 1920 aliuthibitishia ulimwengu kwamba kuna galaksi nyingine nje ya hii yetu, na ambaye darubini mashuhuri iliyorushwa angani mwaka wa 1990 ilipewa jina lake. Hivyo basi, watu wawili waliobadilisha namna binadamu anavyoyatazama mbingu walilelewa na mwanamke mmoja. Mmoja darasani, mwingine nyumbani.

Mwaka wa 1933 Reber alihitimu uhandisi wa umeme katika Taasisi ya Teknolojia ya Armour, Chicago, ambayo leo ni sehemu ya Taasisi ya Teknolojia ya Illinois. Kisha aliajiriwa na kampuni za kutengeneza redio jijini humo, kazi aliyoifanya hadi mwaka wa 1947.

MVUMO KUTOKA NJIA NYEUPE

Mwaka huo huo aliohitimu, habari ya ajabu ilienea Marekani. Karl Jansky, mhandisi wa Maabara za Bell katika jimbo la New Jersey, alikuwa ametumwa kuchunguza kelele zilizokuwa zikitatiza simu za redio zilizopitishwa juu ya Bahari ya Atlantiki. Alijenga antena kubwa iliyozunguka juu ya magurudumu ya gari aina ya Ford, akaanza kusikiliza.

Kelele nyingi alizozinasa zilitokana na radi, za karibu na za mbali. Lakini kulikuwa na mvumo mmoja hafifu ambao haukuhusiana na radi hata kidogo. Mvumo huo ulifikia kilele chake kila baada ya saa 23 na dakika 56, wala si saa 24 kamili.

Tofauti hiyo ya dakika nne ndiyo iliyofichua siri. Jua hurejea mahali pale pale angani kila baada ya saa 24, lakini nyota hurejea dakika nne mapema zaidi. Kwa hivyo, chanzo cha mvumo ule hakikuwa duniani wala katika jua, bali miongoni mwa nyota. Jansky alibaini kwamba ulitoka katika Njia Nyeupe, ule mkanda hafifu wa nyota unaokatiza anga usiku wa giza, hasa upande wa kundi la nyota la Kausi, au Sagittarius, kilipo kitovu cha galaksi yetu.

Gazeti la New York Times liliichapisha taarifa hiyo katika ukurasa wake wa kwanza mnamo Mei 5, 1933. Baada ya hapo, kimya kikatanda. Waajiri wa Jansky walikwisha kupata jibu walilolihitaji kuhusu simu zao, wakampa kazi nyingine. Wanafalaki nao hawakujua chochote kuhusu mitambo ya redio. Jansky alifariki mwaka wa 1950 akiwa na umri wa miaka 44, bila kupata nafasi ya kuuendeleza ugunduzi wake.

Reber aliyasoma maandishi ya Jansky akayaelewa, kwani mawimbi ya redio yalikuwa lugha yake ya kila siku. Aliomba kazi katika Maabara za Bell ili aiendeleze kazi hiyo. Nyakati hizo uchumi wa Marekani ulikuwa umeporomoka, na kampuni hiyo haikuwa ikiwaajiri watu. Alipoona mlango umefungwa, akaamua kuifanya kazi hiyo mwenyewe, nyumbani kwao.

DISHI LA MABATI

Antena ya Jansky ilikuwa na kasoro moja kubwa: iliweza kusikiliza masafa ya aina moja tu. Reber alitaka chombo kitakachompa uwezo wa kusikiliza masafa mbalimbali bila kukijenga upya. Akachagua umbo la dishi lenye mbonyeo maalumu, ambalo hukusanya mawimbi ya urefu wowote na kuyaelekeza mahali pamoja juu ya kitovu chake. Akitaka kubadilisha masafa, hubadilisha kipokezi pekee.

Katika msimu wa kiangazi wa mwaka wa 1937 alianza ujenzi. Kiunzi kilikuwa cha mbao, na uso wa dishi ulikuwa wa mabati. Upana wake ulizidi mita tisa. Gharama ilizidi dola 1,000, fedha nyingi mno kwa mfanyakazi wa kawaida wa zama hizo. Dishi liliweza kuinuliwa na kuinamishwa tu, wala halikugeuka kushoto au kulia. Kazi ya kuligeuza ilifanywa na dunia yenyewe ilipokuwa ikizunguka.

Majirani walishangaa. Mvua iliponyesha, maji yalimiminika kupitia tundu lililokuwa katikati ya dishi, na wengine wakadhani kwamba lilikuwa la kuteka maji au la kutawala hali ya hewa. Watoto walilipanda kama mti. Mamake Reber naye aliona kwamba nguzo zake zilifaa sana kuanikia nguo.

KUSHINDWA MARA MBILI

Elimu ya fizikia iliyojulikana wakati huo ilisema kwamba kitu chenye joto, kama vile nyota, hutoa mawimbi yenye nguvu zaidi kadiri mawimbi hayo yanavyokuwa mafupi. Kwa kuifuata kanuni hiyo, Reber alijenga kipokezi cha megahezi 3,300, ambacho mawimbi yake yana urefu wa sentimita tisa tu. Alielekeza dishi kwenye Njia Nyeupe, kwenye sayari, kwenye mwezi na kwenye nyota zinazong'aa. Hakusikia chochote.

Akajenga kipokezi cha pili, cha megahezi 900 hivi. Vilevile hakusikia chochote.

Mtu mwingine angekata tamaa na kuyauza mabati yale. Reber hakufanya hivyo. Alilichukulia hilo kuwa fundisho: ikiwa mawimbi mafupi hayana nguvu, basi huenda chanzo cha mvumo wa Jansky si joto la kawaida. Akaitupa kanuni, akajenga kipokezi cha tatu cha megahezi 160, chenye mawimbi ya urefu unaokaribia mita mbili.

Kufikia mwaka wa 1939, Njia Nyeupe ilikuwa imemjibu. Sindano ya kipimo chake ilipanda kila mkanda ule wa nyota ulipopita juu ya dishi, na kushuka ulipokwisha kupita.

Ilichukua zaidi ya miaka kumi kabla ya wanasayansi kueleza sababu. Katika miaka ya 1950 ilikubalika kwamba sehemu kubwa ya mvumo huo hutokana na chembe za elektroni zinazokimbia karibu na kasi ya mwangaza huku zikizungushwa na nguvu za sumaku zilizomo katika galaksi. Vipokezi viwili vilivyonyamaza uani Wheaton vilikuwa vimetoa ushahidi wa kwanza wa jambo hilo.

USIKU WA PEKE YAKE

Ratiba yake ilikuwa ngumu. Mchana alifanya kazi Chicago. Jioni alirudi Wheaton, akala, akalala hadi usiku wa manane. Kisha aliamka na kuketi mbele ya vifaa vyake hadi alfajiri, kabla ya kurudi kazini. Hapo mwanzo, kabla ya kupata kifaa cha kujiandikia chenyewe kwenye karatasi, alilazimika kukisoma kipimo kila dakika na kuandika kwa mkono.

Usiku ulimfaa kwa sababu nyingine. Cheche za injini za magari hutoa mawimbi ya redio, na mchana kelele za barabarani zilifunika sauti ya nyota.

Kuwashawishi wataalamu kulikuwa kugumu kuliko kujenga dishi. Wahandisi hawakufahamu elimu ya falaki, na wanafalaki hawakufahamu vipokezi. Reber alipopeleka makala kwa jarida la Astrophysical Journal, mhariri wake, Otto Struve, alikabiliwa na tatizo la kupata mtu wa kuyapima. Wanafalaki wa kituo cha Yerkes walifunga safari hadi Wheaton kujionea mtambo ule kwa macho yao. Hatimaye Struve aliamua kuyachapisha mwaka wa 1940. Mwaka huo pia taarifa yake ilitoka katika jarida la wahandisi wa redio.

Mnamo 1944 Reber alichapisha ramani za kwanza za anga zilizochorwa kwa mawimbi ya redio katika masafa hayo. Zilionyesha nguvu kubwa kabisa upande wa Sagittarius, na vilele vingine katika makundi ya nyota ya Cygnus na Cassiopeia. Baadaye ilibainika kwamba katika Cygnus kuna galaksi iliyo mbali mno ambayo hutoa mawimbi makali ya redio, na katika Cassiopeia kuna masalia ya nyota iliyolipuka. Mwaka huo huo wa 1944 alitangaza kwamba alikuwa amenasa mawimbi ya jua. Wataalamu wa rada Uingereza walikuwa wameyagundua mwaka wa 1942, lakini vita viliwalazimu kuficha siri hiyo.

Makala ya Reber yalifika hata Uholanzi, iliyokuwa ikikaliwa na majeshi ya Ujerumani. Mwanafalaki Jan Oort aliyasoma, akamtaka mwanafunzi wake, Hendrik van de Hulst, atafute kama kuna masafa maalumu ambayo gesi iliyo angani hutoa. Mwaka wa 1944 van de Hulst alikadiria kwamba hidrojeni hutoa mawimbi ya urefu wa sentimita 21. Mawimbi hayo yalinaswa mwaka wa 1951, na kwa kuyatumia wanafalaki wakaweza kuchora umbo la galaksi yetu.

KUHAMIA TASMANIA

Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, wataalamu wa rada wa Uingereza, Australia na kwingineko waligeuzia mbingu ujuzi wao. Uwanja uliokuwa na mtu mmoja ukajaa. Mwaka wa 1947 Reber aliliuza dishi lake kwa taasisi ya serikali ya Marekani inayosimamia vipimo, likahamishiwa Virginia, naye akaajiriwa huko.

Hakukaa sana. Mwaka wa 1951 alikwenda kufanya utafiti kileleni mwa mlima Haleakala, katika visiwa vya Hawaii. Wenzake walipokuwa wakikimbilia mawimbi mafupi, yeye aliamua kwenda upande usio na watu: mawimbi marefu kabisa. Shida ya mawimbi hayo ni kwamba ionosfia, ileile iliyomsaidia kuzungumza na nchi 60, huyazuia yasifike ardhini.

Mwaka wa 1954 alihamia Tasmania, ambako tabaka hilo hupungua nguvu usiku wa majira ya baridi, hasa miaka ambayo jua limetulia. Karibu na kijiji cha Bothwell, katika shamba la kufugia kondoo, alisimamisha nguzo na nyaya zilizotanda katika eneo lenye upana wa takriban kilomita moja, akasikiliza masafa ya megahezi mbili hivi. Mnamo 1985, injini za chombo cha anga za juu cha Marekani ziliwashwa kwa makusudi ili kutoboa tundu la muda katika ionosfia juu ya kisiwa hicho. Reber, wakati huo akiwa na umri wa miaka 73, alikuwa miongoni mwa waliosikiliza kupitia tundu hilo.

Udadisi wake haukukomea kwenye redio. Alijaribu kukuza maharagwe huku akiyazungusha kinyume cha mkondo wake wa kawaida ili kuona kama mavuno yangebadilika. Alijenga nyumba iliyotumia nishati kidogo, na alivutiwa na magari ya umeme miaka mingi kabla hayajaenea.

MGALA MUUE NA HAKI MPE

Tabia iliyompa ushindi ndiyo iliyomtenga uzeeni. Reber hakukubali nadharia kwamba ulimwengu ulianza kwa mlipuko mkuu na kwamba ungali unapanuka. Alishikilia kuwa ulimwengu hauna mwanzo wala mwisho, akaichapisha hoja hiyo mwaka wa 1977.

Ushahidi ulikuwa dhidi yake. Mwaka wa 1965 wataalamu wawili wa Maabara za Bell, katika jimbo lile lile alikofanyia kazi Jansky, walitangaza kwamba walikuwa wamenasa mawimbi ya redio yanayotoka pande zote za anga kwa kipimo sawa. Wanasayansi wengi waliyatambua kuwa masalia ya joto la mwanzo wa ulimwengu, na wagunduzi hao, Arno Penzias na Robert Wilson, walipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1978. Elimu ambayo Reber aliiasisi ikawa imetoa ushahidi mkubwa wa nadharia aliyoikataa, nadharia ambayo msingi wake mmoja ni uchunguzi wa Hubble, mwanafunzi wa mamake.

Hata hivyo, mgala muue na haki mpe. Laiti Reber angekuwa mtu wa kukubali kila alichoambiwa na wataalamu, angaliacha baada ya kipokezi cha kwanza kunyamaza.

KUMBUKUMBU YAKE

Akiwa hai alitunukiwa heshima kadha, ikiwemo Nishani ya Bruce mwaka wa 1962 na shahada ya heshima ya udaktari kutoka Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio mwaka huo huo. Sayari ndogo nambari 6886 inaitwa Grote. Alama yake ya redio, W9GFZ, ilirithiwa na chama cha wanaredio wa ridhaa cha Kituo cha Taifa cha Falaki ya Redio cha Marekani.

Majivu ya mwili wake yaligawanywa. Mengine yamo katika makaburi ya Bothwell, na mengine yalipelekwa katika vituo vingi vya darubini za redio katika sehemu mbalimbali za dunia.

Bara la Afrika nalo limo katika safari aliyoianzisha. Afrika Kusini ilizindua mwaka wa 2018 darubini ya MeerKAT, yenye madishi 64, katika eneo kame la Karoo. Darubini hiyo ni hatua ya kuelekea mradi mkubwa zaidi wa kimataifa wa SKA, ambao Kenya ni miongoni mwa nchi nane za Afrika zinazoshirikiana na Afrika Kusini kuufanikisha.

Dishi la Wheaton lenyewe halikupotea. Lilijengwa upya katika kituo cha Green Bank, jimbo la West Virginia, chini ya usimamizi wa Reber mwenyewe, na mwaka wa 1989 serikali ya Marekani ikalitangaza kuwa turathi ya kitaifa. Lingali limesimama mahali hapo, karibu na madishi mengine makubwa zaidi yanayoendelea kusikiliza.